Gharama halisi ya masomo katika vyuo vya ufundi vya Marekani

Gharama halisi ya masomo ni kiasi cha fedha kinachobaki juu ya mwanafunzi na familia yake baada ya kuondoa ruzuku na ufadhili usiorudishwa kutoka katika jumla ya gharama za kusoma. Nchini Marekani istilahi hiyo ina maana maalumu katika sheria ya elimu. Hutumika kwa vyuo vikuu na vilevile kwa vyuo vidogo vya ufundi vinavyofundisha kazi kama ususi na urembo, uchomeleaji, umeme, ufundi bomba, ufundi wa magari na usaidizi wa daktari.

Gharama halisi si sawa na ada iliyotangazwa na chuo. Si sawa pia na fedha anazotakiwa kutoa mwanafunzi siku ya kujiandikisha. Mtu anaweza kuanza masomo bila kutoa hata senti moja mfukoni, na bado gharama halisi ya masomo yake ikawa maelfu ya dola, kwa sababu sehemu iliyobaki imelipwa kwa mkopo atakaourudisha mwenyewe pamoja na riba.

## Historia

Serikali ya shirikisho ya Marekani ilianza kulipia masomo ya watu wengi kwa sheria ya mwaka 1944 iliyowahudumia wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sheria hiyo, inayojulikana kama GI Bill, iliwawezesha kusoma vyuo vikuu au kujifunza kazi za ufundi.

Tarehe 8 Novemba 1965 Rais Lyndon B. Johnson alitia sahihi Sheria ya Elimu ya Juu. Sehemu ya nne ya sheria hiyo ndiyo msingi wa misaada ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi hadi leo. Mwaka 1972 Bunge lilianzisha ruzuku ya msingi kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, na mabadiliko ya mwaka huohuo yalivipa vyuo vya ufundi vya binafsi vinavyoendeshwa kwa faida nafasi pana ya kushiriki katika misaada hiyo. Mwaka 1980 ruzuku hiyo ilipewa jina la Claiborne Pell, seneta wa jimbo la Rhode Island aliyeipigania.

Sheria ya Agosti 2008 ilivitaka vyuo vinavyopokea misaada ya shirikisho viweke kwenye tovuti zao kikotoo cha gharama halisi. Agizo hilo lilianza kutekelezwa Oktoba 2011. Sheria nyingine ya Desemba 2020 ilirahisisha fomu ya maombi, na fomu mpya ilianza kutumika kwa mwaka wa masomo 2024–25.

## Aina za vyuo

Mafunzo ya ufundi hutolewa na vyuo vya umma vya jimbo au wilaya, vyuo binafsi visivyotafuta faida, na vyuo binafsi vya biashara. Vyuo vidogo vya ususi, urembo na usaidizi wa daktari mara nyingi huwa katika kundi la tatu.

Ili wanafunzi wake wapate misaada ya shirikisho, chuo kinapaswa kutimiza masharti makuu matatu: kiwe na kibali cha jimbo, kiwe na ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, na kiwe na mkataba na wizara hiyo. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha jimbo na kufundisha kwa halali bila kutimiza masharti mengine mawili. Katika hali hiyo mwanafunzi hawezi kupata ruzuku ya Pell wala mkopo wa shirikisho. Hulipa taslimu, kwa awamu, kwa mkopo wa benki, au kwa msaada wa ofisi za ajira.

Chuo kuwa ndani ya mfumo huo hakumaanishi kuwa ni nafuu. Wanauchumi Stephanie Riegg Cellini na Claudia Goldin walilinganisha vyuo vya biashara vinavyofundisha mambo yaleyale, vingine vikiwa ndani ya mfumo wa misaada na vingine nje. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 waliona kwamba vyuo vilivyo ndani vilitoza ada kubwa zaidi kwa takriban asilimia 78.

## Mambo yanayohesabiwa katika gharama

Chuo hupanga kila mwaka jumla ya gharama za kusoma. Jumla hiyo ina mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni fedha zinazohusiana na masomo yenyewe: ada, vitabu, sare, vifaa vya kazi, na malipo ya mtihani wa leseni. Kwa masomo ya ufundi vifaa vinaweza kuwa mzigo mkubwa. Msusi huhitaji mikasi, mashine za nywele na vichwa vya kujifunzia. Mchomeleaji huhitaji kofia ya kinga, glavu na viatu maalumu.

Fungu la pili ni maisha ya mwanafunzi wakati wa masomo: nyumba, chakula, usafiri, malezi ya watoto na mahitaji binafsi. Chuo hakitoi bili ya mambo hayo, lakini yanahesabiwa kwa sababu mwanafunzi anayekaa darasani saa 30 kwa wiki hawezi kufanya kazi ya kutwa kama zamani.

## Aina za misaada

Misaada ya shirikisho kwa wanafunzi huombwa kwanza kwa fomu moja iitwayo FAFSA, ambayo hujazwa bure. Fomu hutumia taarifa za kipato na kodi, na matokeo yake ni namba inayoitwa fahirisi ya msaada wa mwanafunzi. Namba hiyo ikiwa ndogo, mahitaji yanahesabiwa kuwa makubwa. Inaweza kushuka hadi 1,500 chini ya sifuri. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 24 au zaidi, aliyeoa au kuolewa, au anayetunza mtoto wake, huhesabiwa kuwa anajitegemea, na kipato cha wazazi wake hakiulizwi.

Misaada yenyewe ni ya namna tatu.

Ruzuku na ufadhili. Fedha hizi kwa kawaida hazirudishwi. Ruzuku ya Pell ndiyo kubwa. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395 na cha chini ni dola 740. Kuna pia ruzuku ya nyongeza ya shirikisho ya dola 100 hadi 4,000 kwa wenye uhitaji mkubwa, ambayo haitolewi na kila chuo. Majimbo, vyuo na mashirika ya hisani hutoa ufadhili wao. Sheria ya nguvukazi ya mwaka 2014 huwezesha ofisi za ajira, ziitwazo American Job Center, kulipia mafunzo ya baadhi ya watu wasio na kazi au wenye kipato kidogo, mradi chuo kimo katika orodha ya jimbo.

Kazi za wanafunzi. Serikali huchangia mshahara wa mwanafunzi anayefanya kazi kwa saa chache chuoni au katika taasisi ya jamii. Fedha hizi hulipwa kadiri anavyofanya kazi. Hazipunguzi bili siku ya kwanza.

Mikopo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayewategemea wazazi anaweza kukopa kutoka serikalini hadi dola 5,500, na anayejitegemea hadi dola 9,500. Kati ya hizo, zisizozidi dola 3,500 zinaweza kuwa mkopo wenye nafuu, ambao serikali hulipa riba yake wakati mwanafunzi yuko masomoni. Sehemu nyingine huanza kuzaa riba tangu fedha zinapotolewa. Viwango hivyo hupunguzwa kwa kozi fupi.

Ni kundi la kwanza tu linalopunguza gharama halisi. Mkopo huahirisha malipo bila kuyaondoa.

## Hesabu kwa saa

Vyuo vikuu huhesabu masomo kwa mihula. Vyuo vingi vya ufundi huhesabu kwa saa za kuwapo darasani au karakana, kwa sababu majimbo hutoa leseni kwa kuangalia saa hizo. Jimbo la New York, kwa mfano, hudai saa 1,000 kwa leseni ya ususi na urembo.

Kwa sheria ya misaada, mwaka mmoja wa masomo ya saa ni angalau saa 900 katika wiki 26. Kozi ya saa 900 inaweza kumpa mwanafunzi ruzuku kamili ya mwaka. Kozi ya saa 600 humpa theluthi mbili yake. Aliyestahili dola 7,395 atapata dola 4,930. Kwa utaratibu wa miaka mingi, kozi iliyo chini ya saa 600 au wiki 15 haikustahili ruzuku ya Pell kabisa, ingawa baadhi ya kozi za saa 300 hadi 599 ziliruhusiwa kupata mikopo. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imefungua ruzuku kwa kozi za saa 150 hadi 599 zenye wiki 8 au zaidi lakini chini ya 15, kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa masharti. Mojawapo ni kwamba angalau asilimia 70 ya wanafunzi wamalize, na asilimia 70 ya waliomaliza wapate kazi.

Fedha hazitolewi zote kwa mara moja. Katika kozi ya saa 900, nusu hutolewa kwa saa 450 za kwanza. Nusu ya pili husubiri hadi mwanafunzi amalize saa hizo na wiki zinazoambatana nazo. Anayekosa siku nyingi huchelewa kupata fedha, na vyuo vingine hutoza malipo ya ziada kwa kila saa inayopita tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika mkataba.

## Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Mwanafunzi anaingia chuo kidogo chenye kozi ya saa 900.

- Ada: dola 14,000
- Vitabu na vifaa: dola 1,800
- Mtihani na leseni: dola 200
- Nyumba na chakula kwa muda wa kozi: dola 9,500
- Usafiri: dola 2,000
- Mahitaji binafsi: dola 1,500
- Jumla ya gharama: dola 29,000

Anapata misaada isiyorudishwa kama ifuatavyo:

- Ruzuku ya Pell: dola 7,395
- Ruzuku ya jimbo: dola 1,000
- Ufadhili wa chuo: dola 1,605
- Jumla ya ruzuku: dola 10,000

Gharama halisi ni dola 29,000 kutoa 10,000, yaani dola 19,000.

Kwa mwanafunzi anayekaa kwa ndugu bila kulipa kodi ya nyumba, hesabu ya fungu la kwanza peke yake ina manufaa pia. Ada, vifaa na leseni ni dola 16,000. Zikitolewa ruzuku, zinabaki dola 6,000 za masomo yenyewe.

Chuo kinaweza kuandika hesabu kwa namna ya tatu: kutoka katika zile 6,000 kikatoa mkopo wa dola 5,500, kisha kikamwambia mwanafunzi kwamba amebakiwa na dola 500 tu. Namba hiyo si ya uongo, kwa kuwa ndiyo atakayoitoa mkononi. Lakini siyo gharama ya masomo. Gharama imebaki dola 6,000 pamoja na riba, na maisha ya miezi yote ya kozi hayajaguswa.

## Barua ya msaada

Chuo kikishapokea taarifa za FAFSA humpelekea mwanafunzi barua inayoorodhesha misaada aliyopangiwa. Hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha vyuo vyote kuandika barua hiyo kwa namna moja. Wizara ya Elimu imetengeneza kielelezo, lakini matumizi yake kwa sehemu kubwa ni hiari.

Mwezi Desemba 2022 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, taasisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilitoa ripoti kuhusu barua hizo. Ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo haviwaelezi wanafunzi gharama halisi ipasavyo: baadhi haviitaji kabisa, na vingine huionyesha ndogo kuliko ilivyo. Makosa ya kawaida ni kuacha baadhi ya gharama na kutoa mkopo kana kwamba ni ruzuku.

Msomaji wa barua anaweza kuihakiki kwa maswali machache:

1. Je, jumla ya gharama imeandikwa, au ni ada peke yake?
2. Je, vifaa, sare na malipo ya leseni vimo ndani ya ada au vitalipwa kando?
3. Katika kila msaada ulioorodheshwa, je, ni ruzuku, ni mshahara wa kazi, au ni mkopo?
4. Je, ufadhili wa chuo ni wa kozi nzima, na una masharti gani ya mahudhurio na alama?
5. Kozi ikizidi saa 900, misaada ya saa zinazobaki itakuwa kiasi gani?

Mwanafunzi haalazimiki kupokea kila alichopangiwa. Anaweza kukubali ruzuku na kukataa mkopo, au kukopa kiasi kidogo kuliko kilichotajwa. Kama kipato cha familia kimeshuka baada ya mwaka wa kodi uliotumika katika fomu, anaweza kumwomba mhusika wa misaada chuoni apitie upya hesabu, akiwa na ushahidi wa maandishi.

Ruzuku na mikopo ikizidi malipo ya chuo, ziada hupewa mwanafunzi, kwa kawaida ndani ya siku 14, ili imsaidie kuishi. Hali hii hutokea hasa katika vyuo vya umma, kwani ada ya vyuo vingi vya aina hiyo iko chini ya kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell.

## Kuacha masomo kabla ya mwisho

Msaada wa shirikisho huhesabiwa kuwa mwanafunzi anaustahili kadiri muda unavyopita. Akiacha masomo baada ya asilimia 30 ya kipindi cha malipo, amestahili asilimia 30 ya msaada wa kipindi hicho, na sehemu iliyobaki haina budi kurudishwa. Akipita asilimia 60, huhesabiwa amestahili wote.

Ada ya chuo, hata hivyo, hufuata kanuni ya chuo na ya jimbo kuhusu marejesho, ambayo inaweza kuwa tofauti. Hivyo chuo kinaweza kurudisha fedha serikalini kisha kumdai mwanafunzi pengo lililobaki. Mtu wa namna hiyo huondoka bila leseni, akiwa na deni la serikali na pengine deni la chuo pia. Kwa sababu hiyo sera ya marejesho ni sehemu ya gharama, na husomwa kabla ya kutia sahihi mkataba.

## Takwimu za wazi

Wizara ya Elimu huendesha tovuti mbili za bure, College Navigator na College Scorecard. Humo hupatikana gharama halisi ya wastani, asilimia ya wanaomaliza, na mara nyingi madeni na mapato ya waliosoma. College Navigator huonyesha pia gharama halisi kwa makundi ya kipato, kuanzia familia zenye dola 0 hadi 30,000 kwa mwaka.

Takwimu hizo zina mipaka. Wastani huhesabiwa kwa wanafunzi wa kutwa wanaoanza masomo kwa mara ya kwanza na waliopata msaada, siyo kwa wote. Katika chuo kidogo wastani unaweza kutokana na watu wachache, na ukabadilika sana mwaka hadi mwaka. Aidha, chuo cha ufundi kinachotoza kwa kozi huripoti gharama kwa kuangalia kozi yake yenye wanafunzi wengi. Anayetaka uchomeleaji asichukue namba ya ususi. Vyuo vilivyo nje ya mfumo wa misaada kwa kawaida havionekani kabisa.

## Wahamiaji na wakimbizi

Nchini Marekani wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, wakiwemo wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na wahamiaji kutoka Kenya na Tanzania. Mtu hahitaji kuwa raia ili apate misaada ya shirikisho. Mwenye hati ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyepewa hifadhi wanaweza kuomba. Mwenye viza ya mwanafunzi hastahili.

Mwombaji anatakiwa kuwa amemaliza sekondari au awe na cheti kinacholingana nayo. Cheti cha nchi nyingine hukubaliwa kikilingana na cha Marekani, na chuo kinaweza kudai kitafsiriwe na kukadiriwa. Asiye nacho anaweza kufanya mtihani wa kulinganisha, kwa mfano GED.

## Ukosoaji

Mwaka 1987 William Bennett, aliyekuwa waziri wa elimu, alidai kwamba ongezeko la misaada huwapa wenye vyuo nafasi ya kupandisha ada. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu vyuo kwa jumla, lakini kwa vyuo vya biashara utafiti wa Cellini na Goldin hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa upande huo.

Ukosoaji mwingine unahusu vyuo vinavyoishi kwa fedha za serikali. Sheria huvitaka vyuo vya biashara kupata angalau asilimia 10 ya mapato yao nje ya misaada ya shirikisho. Chuo ambacho asilimia 30 au zaidi ya wakopaji wake wanashindwa kulipa kwa miaka mitatu mfululizo kinaweza kuondolewa katika misaada. Kampuni ya Corinthian Colleges, iliyokuwa na vyuo vingi vya ufundi, ilifungwa mwaka 2015. Mwezi Juni 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kufuta mikopo ya shirikisho ya watu 560,000 waliosoma humo, yenye thamani ya dola bilioni 5.8. Deni lilifutwa, lakini miaka waliyotumia kusoma na kulipa haikuweza kurudishwa.

## Tazama pia

- Elimu nchini Marekani
- Elimu ya ufundi
- Mkopo
- Riba